Mwongozo kamili: Chuma na zinki, kutoka sahani ya dagaa hadi ndani ya damu

Mama anapimwa kliniki, anaambiwa damu iko chini, anaulizwa anakula nini. Anajibu ukweli: dagaa, maharage, mchicha, ugali wa dona. Anaambiwa aongeze mboga za majani. Kanda ya Ziwa mazungumzo hayo ni ya kila wiki. Ushauri wenyewe si mbaya, ila umeishia njiani. Kuwa na chuma kwenye sahani ni jambo moja, kuwa nacho kwenye damu ni jambo jingine, na katikati yake upo ukuta wa utumbo. Kwenye ukuta huo kuna protini zinazochagua kinachopita, na kwa miaka zaidi ya 25 wanasayansi wamekuwa wakizitambua moja baada ya nyingine. Mwongozo huu unalipanga jiko, chai na vidonge kwa kuzifuata protini hizo, si kwa kuhesabu miligramu peke yake.

Hatua ya 1: Ijue njia yenyewe

Seli zetu zimezungukwa na utando wa mafuta. Chuma na zinki vikiyeyuka tumboni huwa na chaji ya umeme, na kitu chenye chaji hakipenyi kwenye mafuta. Anayetoka Mwanza mjini kwenda Sengerema kwa njia ya Kamanga hayavuki maji kwa miguu, anasubiri kivuko, na kivuko kina nafasi zake. Protini za kusafirisha ndivyo zilivyo: zimekaa ndani ya utando, zinapokea madini upande mmoja na kuyashusha upande wa pili, na nafasi zikijaa wengine wanabaki.

Msafirishaji mkuu wa chuma kutoka kwenye chakula anaitwa DMT1. Alitambuliwa mwaka 1997 na makundi mawili ya watafiti wa Boston, Marekani, yaliyofika kwa njia mbili tofauti. Moja lilitumia mayai ya chura kupima protini ipi inaingiza chuma. Jingine lilichunguza panya waliozaliwa na upungufu wa damu usiopona kwa chakula, likakuta kosa moja tu kwenye jeni ya protini hiyo. Mambo matatu kuhusu DMT1 yana faida jikoni. Kwanza, anabeba chuma chenye chaji mbili tu, wakati chuma kingi cha mimea kinafika kikiwa na chaji tatu, kwa hiyo lazima kibadilishwe kwanza. Pili, anaendeshwa na protoni, yaani anahitaji uchachu wa asidi itokayo tumboni. Tatu, hana uchaguzi mkali: anabeba manganizi na kobalti, na pia kadimi na risasi, metali zenye sumu. Hilo la tatu tutalirudia, kwa sababu ndilo linalonitisha zaidi.

Chuma kikishaingia kwenye seli ya utumbo bado hakijafika kwenye damu. Kuna mlango wa nyuma unaoitwa feropotini, uliotambuliwa mwaka 2000. Kundi mojawapo lililoupata lilikuwa likichunguza samaki wadogo wa milia wa maabara waliokuwa na damu iliyopauka. Wasomaji wa kando ya ziwa watafurahi kusikia kwamba samaki ana mchango wake hapo. Hadi leo haujapatikana mlango mwingine wa kutoa chuma kwenye seli zetu. Ukifungwa, chuma kinabaki ndani ya seli ya utumbo, seli hiyo inaishi siku chache tu, inabanduka, na chuma chote kinaishia chooni.

Anayeufunga ni hepsidini, homoni ndogo itengenezwayo na ini. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba hepsidini hujishika kwenye feropotini na kuifanya imezwe na kuvunjwa na seli yenyewe. Ini hutoa hepsidini nyingi katika hali mbili: akiba ya chuma ikiwa imejaa, na mwili ukiwa unapigana na maambukizi. Hali hiyo ya pili ndiyo inayoharibu hesabu za watu wengi huku kwetu.

Kwa nini mwili ni mkali hivyo? Kwa sababu hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za chuma mwilini, na kwa siku hupokea miligramu 1 hadi 2 tu kutoka kwenye chakula. Kinachobaki cha kazi ya kutengeneza damu, zaidi ya miligramu 20 kila siku, hutoka kwenye seli nyekundu kuukuu zilizovunjwa. Lango ndilo kinga pekee.

Hatua ya 2: Pima, na tibu maambukizi kabla ya kununua chochote

Usianze na dukani. Anza na kipimo cha himoglobini, yaani kile cha wingi wa damu, ambacho kinapatikana hata kwenye zahanati. Mjamzito akiwa chini ya gramu 11 kwa desilita ana upungufu. Mwanamke asiye mjamzito ni chini ya 12, mwanamume chini ya 13.

Lakini himoglobini haisemi sababu. Kando ya Ziwa Victoria sababu ni nyingi na mara nyingi zinakuja pamoja. Kuna malaria, ambayo huvunja seli nyekundu na wakati huohuo kupandisha hepsidini. Kuna kichocho cha tumbo, ambacho ni cha kawaida sana kwa wanaoishi visiwani na mialoni, Ukerewe na Kome wakiwemo. Mayai yake hutoboa ukuta wa utumbo na damu huvuja kidogo kidogo. Kuna safura, minyoo inayonyonya damu moja kwa moja. Kuna selimundu, ambayo Kanda ya Ziwa inayo kwa wingi. Mwenye selimundu asijipe vidonge vya chuma kwa kubahatisha, maana huenda ameongezewa damu mara nyingi na ana chuma cha kuzidi tayari.

Kwa hiyo omba kipimo cha malaria, kipimo cha choo, na kama hujawahi kupima selimundu, huu ndio wakati. Ukiwa na uwezo, hospitali kubwa zinapima feritini, yaani akiba. Kwa mtu mzima asiye na maambukizi, chini ya mikrogramu 15 kwa lita maana yake akiba imeisha. Feritini hupanda yenyewe mtu akiwa na maambukizi, kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linatumia kiwango cha 70 kwa mtu mzima aliye na maambukizi au uvimbe wa ndani. Namba inayoonekana nzuri kwa mgonjwa wa homa inaweza kudanganya.

Ukikutwa na malaria, kichocho au minyoo, tibu hayo kwanza. Hapa naomba nieleweke: ukila maini ya ng'ombe mzima huku hepsidini iko juu, utapata chuma kidogo tu. Mlango wa nyuma umefungwa, na sahani haiwezi kuufungua.

Hatua ya 3: Nunua dagaa kwa akili

Samaki na nyama vina chuma cha aina mbili. Kimo chuma cha kawaida, na kimo kilichofungwa ndani ya hemu, ile sehemu nyekundu ya damu na misuli. Chuma cha hemu huingia kwa njia yake, na tanini za chai hazikisumbui sana. Njia hiyo bado inabishaniwa: mwaka 2005 protini moja ilitangazwa kuwa ndiyo msafirishaji wa hemu, mwaka uliofuata ikaonekana kazi yake kubwa ni kubeba foliki, ambayo ni vitamini. Sayansi huenda hivyo. Kwa mlaji, la muhimu ni kwamba chuma cha hemu hufyonzwa kwa asilimia 15 hadi 35, na kile cha mimea kwa asilimia 2 hadi 20, kutegemea kilicholiwa nacho.

Dagaa wetu wana faida ya kuliwa mzima, mifupa na matumbo, na humo ndimo zinki na kalisi zilipo. Ukifika Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, uliza kama dagaa wameanikwa kwenye chanja au mchangani. Wa chanja ni ghali, lakini huna haja ya kutafuna mchanga wala kuwaosha hadi wavunjike. Wa mchangani waloweke kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika chache, wainue kwa mikono ukiacha mchanga chini, badili maji, rudia. Usiwamimine pamoja na maji, mchanga utawafuata. Dagaa waliogeuka njano na kunuka mafuta makali waache. Wengi hutoa vichwa. Mimi sitoi, maana vichwa vya samaki wadogo vina madini na vitamini A.

Jambo moja lenye thamani kuliko bei yake: samaki au nyama kidogo ikichanganywa na maharage husaidia chuma cha maharage kufyonzwa. Konzi ya dagaa ndani ya sufuria ya maharage si kitoweo cha umaskini, ni mbinu. Ukipata maini mara moja kwa wiki ni bora zaidi, ila mjamzito asiyale kila siku kwa sababu ya wingi wa vitamini A.

Beetroot na juisi ya choya hazitaongeza damu kwa sababu ya wekundu wake. Kunywa ukipenda ladha.

Hatua ya 4: Punguza fitati kwenye nafaka na kunde

Mbegu huhifadhi fosforasi kwa umbo la fitati, na fitati hushika chuma na zinki kwa nguvu kiasi kwamba msafirishaji hakuti cha kubeba. Zinki huumia zaidi. Dona ina madini mengi kuliko sembe, na pia ina fitati nyingi zaidi, kwa hiyo ubishi wa dona na sembe hauishi kwa kuangalia jedwali la madini tu. Suluhisho si kukimbilia sembe. Suluhisho ni maji na muda.

Maharage: loweka usiku kucha, mwaga maji, pika kwa maji mapya. Hapo pia unaokoa mkaa.

Muhogo: udaga unaochachushwa kabla ya kuanikwa umepoteza sehemu kubwa ya sumu ya sianidi, na uchachushaji wa aina yoyote hupunguza fitati. Bibi zetu hawakujua jina la fitati, lakini kazi waliifanya.

Ulezi kwa uji wa mtoto: osha, loweka usiku kucha, chuja, tandaza kwenye kitambaa kibichi na ufunike. Nyunyizia maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili hadi tatu utaona vimea vyeupe. Anika juani mpaka ukauke kabisa, kisha saga. Mbegu inapoota huamsha kimeng'enya kinachovunja fitati. Uji wa kimea pia huwa mwepesi, kwa hiyo unaweza kuweka unga mwingi zaidi bila mtoto kushindwa kumeza. Ukiona ukungu wa rangi yoyote, tupa wote. Ukitumia mtama badala ya ulezi, sugua vimea vyote vitoke kabla ya kusaga, maana chipukizi la mtama lina sianidi.

Sasa kuhusu unga wa lishe. Pale mtaani utauziwa mchanganyiko wa mahindi, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga, mchele, na kila anayeuza anajisifia wingi wa aina. Sioni faida ya wingi huo. Kila nafaka na kila mbegu inaleta fitati yake, soya ikiwa miongoni mwa zinazozidi, na kila aina ina muda wake wa kuiva. Nafaka moja iliyooteshwa, ikaongezwa unga wa dagaa kijiko kimoja baada ya uji kuiva nusu, ukaendelea kuchemka, inamfaa mtoto wa miezi sita na kuendelea kuliko aina saba zilizosagwa mbichi.

Hatua ya 5: Ndimu ndani, chai nje

Kabla ya DMT1 kukibeba, chuma cha mimea kinapaswa kupunguziwa chaji kutoka tatu hadi mbili. Utumbo una kimeng'enya cha kazi hiyo, lakini vitamini C huifanya pia, na hukizuia chuma kisigande. Kiasi kilichomo kwenye chungwa moja kinaweza kuongeza ufyonzwaji wa chuma cha mlo wa mimea mara mbili au zaidi. Pera lina vitamini C kuzidi chungwa, na msimu wake hapa Mwanza ni wa bei ya kutupa. Kamulia ndimu kwenye mchicha au matembele baada ya kuepua, maana moto huiharibu vitamini hiyo. Na tunda liliwe na mlo huohuo. La saa kumi jioni halisaidii maharage ya saa saba.

Chai na kahawa hufanya kinyume. Tanini zake hushika chuma, na kikombe cha chai kali pamoja na mlo kinaweza kukata zaidi ya nusu ya chuma cha mimea kinachofyonzwa. Sisemi uache chai, nani ataacha? Iache ipite saa moja hadi mbili baada ya kula. Shida kubwa iko kifungua kinywa, ambapo chai ndiyo mlo wenyewe. Mpe mtoto uji badala ya chai ya rangi, na wewe kama una upungufu, chai yako inywe na viazi au mihogo, halafu chuma ukitafute mchana.

Maziwa nayo yana kalisi inayopunguza chuma, kwa hiyo mtindi uende na mlo usio na dagaa au maharage. Na wanaotafuna dawa za kiungulia kila siku wakumbuke protoni za Hatua ya 1: tumbo likikosa asidi, chuma hakiyeyuki vizuri na DMT1 anakosa cha kumwendesha. Muulize daktari kama bado unazihitaji.

Hatua ya 6: Vidonge vya damu

Mjamzito ameze kila siku kama alivyoelekezwa kliniki. Hapo sibadilishi neno.

Kwa wengine kuna habari ya kujadili na daktari. Dozi ya miligramu 60 za chuma au zaidi hupandisha hepsidini kwa takribani saa 24, hivyo kidonge cha kesho kinakuta mlango umeegeshwa. Watafiti wa Zurich, Uswisi, walichapisha mwaka 2017 utafiti kwa wanawake wenye akiba ndogo ya chuma: waliomeza siku moja ndiyo siku moja hapana walifyonza asilimia 21.8 ya kila dozi, waliomeza kila siku asilimia 16.3. Kugawa dozi asubuhi na jioni hakukuleta faida. Hivyo asubuhi moja, tumbo likiwa tupu kama unaweza kuvumilia, kwa maji au juisi ya chungwa, bila chai wala maziwa. Choo kitakuwa cheusi. Hiyo ni kawaida.

Watoto ni habari tofauti. Pemba, Zanzibar, ulifanyika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006. Watoto wadogo walipewa chuma na foliki kila siku kwenye eneo la malaria nyingi, na sehemu hiyo ya utafiti ilisitishwa kwa sababu waliopewa chuma walilazwa na kufariki zaidi. Wadudu wa maradhi nao wanakitaka chuma. Tangu hapo ushauri ni kwamba mahali penye malaria, chuma cha mtoto kiende pamoja na chandarua, kipimo na matibabu. Usimkatie mtoto kidonge chako. Na vifiche: vidonge vichache vya mtu mzima vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Hatua ya 7: Zinki, hasa mtoto anapoharisha

Zinki ina msafirishaji wake, ZIP4. Watoto wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni yake, kama ilivyobainika mwaka 2002, hupata vidonda vya ngozi, kuharisha na nywele kunyonyoka, na hupona wakipewa zinki nyingi maisha yote. Seli ikipata zinki ya kutosha huiondoa ZIP4 kwenye utando, kwa hiyo kumeza nyingi mara moja ni hasara. Zinki ikizidi kwa muda mrefu humnyima mtu shaba.

Kwa mtoto anayeharisha: chumvi maalumu ya kuongeza maji mwilini, yaani ORS, pamoja na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, chini ya miezi sita ni miligramu 10. Kuharisha kukikoma siku ya tatu, maliza siku zote. Wazazi wengi huachia hapo. ORS nayo inategemea protini ya utando, inayobeba sodiamu na glukosi kwa pamoja, ndiyo maana pakiti lazima iyeyushwe kwenye kipimo cha maji kilichoandikwa, si kwa kukadiria.

Hatua ya 8: Abiria wasiotakiwa

Mwili wenye njaa ya chuma huongeza DMT1 kwenye utumbo. Na kwa kuwa DMT1 hachagui sana, mtoto mwenye upungufu wa chuma hufyonza risasi na kadimi zaidi ya mwenzake aliyeshiba. Kwa hiyo mlo wenye chuma ni kinga, lakini punguza pia vyanzo. Sufuria zinazoyeyushwa mtaani kutoka vyuma chakavu zinaweza kuwa na risasi. Zisitumike kuchemsha vitu vichachu kama ukwaju au nyanya kwa muda mrefu. Betri za gari zisivunjwe uani. Udongo wa kula unaouzwa sokoni kwa wajawazito, ule wa vijiti uitwao pemba, unaweza kuwa na risasi na aseniki, na udongo mfinyanzi hushika chuma cha chakula. Hamu ya udongo yenyewe mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma, kwa hiyo mama akiipata, rudini Hatua ya 2 badala ya kumgombeza.

Zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, Geita na kwingineko, ina ujanja wake. Mvuke wake hauna chaji, kwa hiyo hauhitaji msafirishaji. Unapita mapafu hadi ubongoni moja kwa moja. Kuchoma dhahabu jikoni au ndani ya nyumba ni hatari kuliko samaki yeyote. Zebaki iliyogeuzwa na bakteria wa majini hujishikiza kwenye asidi amino, vijenzi vya protini, ikafanana na mojawapo iitwayo methionini, na protini ya kubeba asidi amino ikaipokea. Hujilimbikiza kwa samaki wanaokula samaki wengine. Mjamzito mwenye hofu achague dagaa na sato, apunguze sangara mkubwa sana.

Hatua ya 9: Pima tena

Baada ya wiki nne himoglobini inapaswa kuwa imepanda kwa gramu 1 hadi 2. Ikipanda, endelea na vidonge kwa miezi mitatu hivi baada ya kufika kawaida, kwa sababu akiba hujaa mwisho. Isipopanda, usiongeze dozi. Uliza maswali manne: je, vidonge vilimezwa kweli, na bila chai? Je, maambukizi yameisha, au mtu amerudi ziwani na kichocho kimerudi naye? Je, kuna damu inayovuja, hedhi nzito au kidonda cha tumbo? Je, ni chuma kweli, au ni selimundu ambayo haijapimwa? Nenda na majibu ya kipimo cha kwanza na cha pili mkononi, daktari aone tofauti yake.